UZI: Ithibati ya chuo cha mtandaoni. Anzia kwa ofisi itakayokipokea cheti chako

KaraniWaMasjala:

Wadau, swali linaloulizwa sana kuhusu vyuo vya mtandaoni ni "Je, chuo hiki kina ithibati?" Mtu wa mauzo atajibu ndiyo, na huenda hata hasemi uongo. Kuna ithibati ya chuo kizima na kuna ya kozi moja. Kuna inayotolewa na shirika ambalo halitambuliwi na serikali yoyote. Kuna hata karatasi ya usajili wa biashara inayoitwa ithibati. Kabla ya kutuma karo, jiulize kwanza cheti chenyewe kitapelekwa wapi siku kikitoka. Ofisi itakayokipokea ndiyo yenye jibu, na ofisi hizo kwa Kenya ni chache.

Kama unatafuta shahada, ofisi ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, yaani CUE, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Iko Red Hill Road, Gigiri. Ndiyo inayoidhinisha vyuo vikuu vya hapa, na ndiyo hutambua na kulinganisha shahada za nje. Kwa diploma na vyeti vya ufundi, chuo cha hapa lazima kiwe na leseni ya TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi. Kisha kuna KNQA, mamlaka ya sifa za elimu iliyoundwa kwa sheria ya 2014, inayosimamia mfumo wa kitaifa wa viwango vya sifa. Matangazo ya kazi hutaja barua ya CUE, ya KNQA, au zote mbili, kwa hivyo soma tangazo kabla ya kulipia ombi lolote.

Ofisi ambayo watu husahau ni bodi ya taaluma. Bodi ya Wahandisi, Baraza la Elimu ya Sheria, Baraza la Wauguzi, KMPDC kwa madaktari, na TSC kwa walimu. Kila moja ina masharti yake juu ya yale ya CUE. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, digrii yake ikatambuliwa, na bado ukanyimwa leseni ya kufanya kazi kwa sababu kozi haikuwa na saa za kutosha za vitendo.

Tukianza na vyuo vya hapa nyumbani, ingia tovuti ya CUE na utafute jina katika orodha. Utakuta vyuo vyenye hati kamili, yaani chata, vyuo vishiriki vilivyo chini ya chuo kikuu kingine, na vyuo vyenye barua ya mamlaka ya muda. Vyote hivyo ni halali. Open University of Kenya, kilichoko Konza na kinachofundisha kwa mtandao, kilipata chata Agosti 2023. Lakini usiishie hapo. CUE ina orodha nyingine ya kozi zilizoidhinishwa, chuo kwa chuo. Tafuta jina la kozi yako neno kwa neno. Chuo kina chata, sawa, lakini kozi mpya inayotangazwa kwenye bango la Thika Road huenda haijapita. Ukimaliza kozi ambayo haikuidhinishwa, chata ya chuo haitakuokoa.

Vya nje nitaviandika hapa chini, nchi moja moja, maana kila nchi ina mpangilio wake.

KaraniWaMasjala:

MAREKANI. Serikali yao haitoi ithibati yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mashirika binafsi, na Wizara ya Elimu hutambua yapi kati ya hayo yanafaa. Kuna pia CHEA, baraza lisilo la serikali, ambalo nalo hutambua mashirika ya ithibati. Kwa hivyo ukaguzi una ngazi mbili: chuo kimeidhinishwa na nani, na huyo aliyekiidhinisha ametambuliwa na nani. Wajanja hupita kwenye ngazi ya pili. Wanaunda chuo, kisha wanaunda "baraza la kimataifa" la kukiidhinisha. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi iliyokuwa ikiendesha mamia ya vyuo hewa pamoja na mashirika hewa ya kuviidhinisha. Tovuti zilikuwa safi, picha za wahadhiri zilikuwepo, namba ya simu ya Marekani ilikuwepo, na simu zilipokelewa.

Namna ya kukagua:

Andika mwenyewe anwani ope.ed.gov/dapip. Usibonyeze nembo iliyo kwenye tovuti ya chuo, kwa sababu nembo inaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kuigiza. DAPIP ni hifadhidata ya Wizara ya Elimu. Tafuta chuo, kisha linganisha jina lote, mji, jimbo na anwani ya tovuti. Majina yanayofanana ni mtego wa zamani sana. Neno moja likiongezwa au kupunguzwa, hicho ni chuo kingine.

Angalia aina ya shirika. HLC, MSCHE, NECHE, NWCCU, SACSCOC na WSCUC ni miongoni mwa yaliyokuwa yakiitwa ya kimaeneo. Julai 2020 Wizara iliacha kutofautisha ya kimaeneo na ya kitaifa kisheria, ila vyuo vingi bado vinatofautisha wakati wa kupokea wanafunzi wa uzamili au kuhamisha masomo. DEAC, ambalo lilianza 1926 kwa ajili ya masomo ya posta, linatambuliwa rasmi, na ni halali. Hata hivyo ukipanga kuendelea na uzamili mahali fulani, waandikie hao kwanza uwaulize kama wanapokea digrii ya chuo cha DEAC.

Kisha ingia tovuti ya shirika lenyewe usome hali ya chuo. "Mgombea" maana yake bado hakijapata ithibati. "Chini ya uangalizi" maana yake bado kinayo, ila kuna kasoro iliyopewa muda wa kurekebishwa. Soma barua yenyewe, kwa kawaida imewekwa wazi. Kasoro ya fedha ni ya kuogopwa kuliko kasoro ya taratibu, kwa sababu chuo kisicho na fedha kinaweza kufungwa ukiwa mwaka wa tatu.

Na kumbuka shirika la ithibati nalo linaweza kuanguka. ACICS liliondolewa utambuzi wake moja kwa moja Agosti 2022, na vyuo vilivyolitegemea vikapewa miezi 18 kutafuta shirika jingine.

Mzazi_Umoja2:

Ahsante sana kwa uzi. Kijana wangu ana C+ ya KCSE. Kuna ofisi mjini inasajili wanafunzi wa chuo cha Marekani, wanasema atamaliza digrii ya biashara kwa miezi sita kwa sababu ni ya mtandaoni na haina likizo. Anwani yao inaishia na .edu. Hiyo si ushahidi tosha?

FundiWaTakwimu:

Mzazi, hebu tupige hesabu. Digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni kredi 120. Kredi moja inakadiriwa kuwa saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Hiyo ni saa 45 kwa kredi moja, na saa 5,400 kwa digrii nzima. Miezi sita ni wiki 26. Gawanya: ni kama saa 208 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168, usingizi na chakula vikiwemo.

Ya Uingereza ni kredi 360, kila moja saa 10, jumla saa 3,600. Kwa miezi sita ni kama saa 20 kila siku bila kupumzika hata Jumapili. Mtu anaweza kuharakisha akiwa anahamisha masomo aliyoyasoma kwingine, na vyuo halali vinaruhusu hilo kwa kiwango fulani. Kijana aliyetoka kidato cha nne hana cha kuhamisha.

Kuhusu .edu: tangu 2001 hutolewa kwa vyuo vya Marekani vyenye ithibati ya shirika linalotambuliwa, ni kweli. Lakini waliokuwa nayo kabla ya hapo waliachiwa. Ni dalili nzuri, haitoshi kuwa uthibitisho. Na angalia vizuri: .edu.co au .edu.fulani si .edu. Kwa Uingereza ni .ac.uk, na hapa kwetu ni .ac.ke.

KaraniWaMasjala:

Na hiyo ofisi ya mjini, Mzazi, ikaguliwe peke yake. Chuo cha nje kikitaka kufundisha au kushirikiana na taasisi ya hapa kutoa digrii, CUE lazima iidhinishe mpango huo. Waombe barua ya CUE yenye jina la chuo na jina la ofisi yao, kisha wapigie CUE simu wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti ya tume. Ukikuta ni wakala tu wa kuandikisha, basi karo isipite kwake. Lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Namba ya M-Pesa ya mtu binafsi, au bei moja ya "digrii nzima" badala ya bei ya kila kozi au kila kredi, ni sababu tosha ya kuondoka.

DigriiNaMkopo:

Mimi naangalia Uingereza. Chuo kimenipa namba ya UKPRN, kimesajiliwa Companies House, na wana ISO 9001. Wanatoa "Level 7 Diploma". Nimeona kwenye mfumo wa KNQA kiwango cha 7 ni digrii. Kwa hivyo nitakuwa na digrii?

KaraniWaMasjala:

Hapana, ndugu, na swali lako ni zuri sana kwa sababu watu wengi wanaliwa hapo.

Namba za viwango hazifanani kati ya nchi na nchi. Katika mfumo wa Kenya, diploma ni kiwango cha 6, digrii ya kwanza ni 7, uzamili ni 9 na uzamivu ni 10. Kwa Uingereza, mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza ni kiwango cha 6, uzamili ni 7, na uzamivu ni 8. Afrika Kusini digrii ya kwanza ni 7, kama kwetu. Sasa "Level 7 Diploma" ya Uingereza ina ugumu wa masomo ya uzamili, lakini haikupi digrii ya uzamili. Mara nyingi ni kredi 120, wakati uzamili kamili ni 180. Unaweza kuipeleka chuo kikuu kikakukamilishia kredi zilizobaki, kama chuo hicho kinakubali. Usipofanya hivyo, unabaki na diploma. Na mtu asiye na digrii ya kwanza akiipata, CUE haitamgeuzia kuwa digrii.

Hizo karatasi nyingine: UKPRN ni namba ya orodha ya watoa mafunzo, na orodha yenyewe haithibitishi ubora. Companies House husajili makampuni, hata ya kuuza viatu. ISO 9001 inahusu taratibu za uendeshaji wa shirika. Ukiambiwa "tutakupa apostili", ujue hiyo huthibitisha sahihi na muhuri uliogongwa kwenye karatasi, haisemi lolote kuhusu masomo yaliyo nyuma yake. Nayo "CPD" ni mafunzo ya kuendeleza wenye taaluma tayari.

Uingereza unakagua hivi. Kwa digrii, ingia GOV.UK kwenye ukurasa wa kuhakiki kama chuo kinatambuliwa. Utakuta makundi mawili: wenye mamlaka ya kutunuku digrii, na wanaofundisha tu kozi ambazo digrii yake hutunukiwa na chuo kingine. Ukikikuta chuo chako kundi la pili, uliza digrii itaandikwa jina la nani, kisha mwandikie huyo mtunuku kumwuliza kama kozi hiyo bado inaendelea. Kwa sehemu ya Uingereza iitwayo England hasa, angalia pia rejista ya Office for Students, msimamizi wa vyuo vya huko. Kwa diploma za viwango, tafuta namba ya sifa kwenye rejista ya Ofqual, msimamizi wa sifa na mitihani. Namba ikikosekana, diploma hiyo ni karatasi ya chuo chenyewe tu. Kutangaza digrii ya Uingereza bila mamlaka ni kosa la jinai huko tangu sheria ya elimu ya 1988, ndiyo maana wajanja hukwepa neno "digrii" na kusema "tuzo ya kiwango cha".

FundiWaTakwimu:

Naongezea India kwa sababu bei zake zinavutia wengi hapa. Chuo kutambuliwa na UGC, tume ya vyuo vikuu ya India, hakutoshi. Kozi za mtandaoni na za masafa huidhinishwa na kitengo cha UGC kiitwacho Distance Education Bureau, kozi kwa kozi na msimu kwa msimu wa udahili. Kozi iliyokuwa kwenye orodha mwaka jana huenda haimo msimu huu, kwa hivyo tafuta msimu wako mwenyewe. Tena sheria zao za 2020 zinakataza uhandisi, udaktari, uuguzi na ufamasia kufundishwa kwa njia hiyo. Mtu akikuuzia digrii ya uuguzi ya mtandaoni kutoka India, mazungumzo yameisha hapo. UGC pia huchapisha orodha ya vyuo bandia, nayo isomwe.

Afrika Kusini, chuo binafsi kinatakiwa kiwe na vitu vitatu: usajili wa Wizara ya Elimu ya Juu, ithibati ya CHE, baraza lao la elimu ya juu, na sifa yenyewe iwe imesajiliwa na SAQA, mamlaka yao ya sifa. Unisa ni ya umma na imefundisha kwa masafa tangu 1946, hiyo haina shida ya msingi. Uganda uliza NCHE, Tanzania TCU.

Nchi ambayo hujui ofisi yake, anzia whed.net, hifadhidata ya Chama cha Kimataifa cha Vyuo Vikuu. Inaorodhesha vyuo vinavyotambuliwa na mamlaka za nchi zao. Chuo kisipoonekana humo, usihukumu papo hapo, ila dai maelezo.

MuuguziRongai:

Na sisi wenye leseni tayari? Nina diploma ya uuguzi, nataka digrii ya mtandaoni ili nipandishwe daraja. Na jirani anauliza sheria.

KaraniWaMasjala:

Dada, hali yako ni nyepesi kuliko ya anayeanza sifuri, kwa sababu usajili wako tayari upo na mafunzo ya wodini ulishayapitia. Zipo kozi zinazotengenezwa mahsusi kwa muuguzi mwenye diploma. Bado andikia Baraza la Wauguzi kwanza, ukitaja chuo, kozi na muda, upate jibu kwa maandishi. Kama ni ya Marekani, angalia kama kozi ina ithibati ya CCNE au ACEN, hao ni miongoni mwa wanaokagua uuguzi. Uliza pia saa za vitendo zitafanyiwa wapi na nani atazisaini. Vyuo vingi vya Marekani hukubali vitendo ndani ya majimbo fulani tu, na mwanafunzi aliye Rongai hugundua hilo mhula wa mwisho.

Sheria: digrii ya nje hupelekwa Baraza la Elimu ya Sheria kutambuliwa kabla ya kuomba Kenya School of Law kule Karen. Baraza linaweza kutaka masomo ya ziada ya sheria za Kenya. Jirani asome masharti ya udahili ya Karen yenyewe kabla ya kulipa hata ada ya maombi, yakiwemo yanayohusu alama za KCSE.

Uhandisi wa mtandaoni wa Marekani: fungua orodha ya ABET, shirika la ithibati ya kozi za uhandisi, lakini tazama ni tume ipi ya ABET iliyokagua kozi. EAC hukagua uhandisi, ETAC hukagua teknolojia ya uhandisi. Majina ya kozi yanakaribiana sana, na bodi za wahandisi huyatenganisha. Ualimu wa sekondari: TSC huangalia C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Digrii ya mtandaoni hata ikiwa bora namna gani haibadilishi alama hizo.

Mzazi_Umoja2:

Nimeelewa, ofisi ile tumeiacha. Je, mtu aliyepata C- akapokelewa na chuo halali cha nje, CUE itakubali?

FundiWaTakwimu:

CUE huangalia pia uliingiaje. Njia ya moja kwa moja kwenda digrii ni C+, au diploma inayotambuliwa. Mwenye C- apitie diploma, ahifadhi cheti na transkripti yake, kisha aende digrii. Akiruka ngazi hiyo kwa sababu chuo cha nje hakikuuliza, atakuja kuulizwa Gigiri. Na serikali imekaza. Ripoti ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2024 ilibaini zaidi ya vyeti 2,000 bandia miongoni mwa watumishi wa umma waliokaguliwa, na tangu hapo waajiri wengi hawapokei cheti cha nje bila barua ya utambuzi.

DigriiNaMkopo:

Swali la mwisho. Nikishapata chuo kizuri, nihifadhi nini njiani ili utambuzi usisumbue?

KaraniWaMasjala:

Siku ya kujiandikisha, pakua ukurasa wa hifadhidata unaoonyesha ithibati ya chuo, uhifadhi kama PDF yenye tarehe. Rudia kila mwaka na siku ya kuhitimu, maana kinachotazamwa ni hali ya chuo wakati ulipokuwa ukisoma, na tovuti hubadilika. Hifadhi barua ya udahili, katalogi ya mwaka wako, maelezo ya kila kozi, na risiti zote za karo. Maelezo ya kozi ndiyo yanayokosekana zaidi, na bodi za taaluma ndizo huyadai.

Hakikisha jina lako kwenye mfumo wa chuo ni lile la kitambulisho na la cheti cha KCSE, kwa mpangilio uleule. Kurekebisha jina baada ya digrii kuchapishwa huchukua muda mrefu na hulipiwa.

Ukihitimu, omba chuo kitume transkripti moja kwa moja kwa ofisi husika. Nakala uliyopakua mwenyewe mara nyingi haipokelewi. Nyaraka zisizo za Kiingereza zinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Omba transkripti za ziada zilizofungwa mapema, usingoje kazi itangazwe.

Na chuo kikifungwa ukiwa katikati: chuo chenye ithibati ya Marekani hutakiwa kuweka mpango wa wanafunzi kumalizia kwingine, na rekodi hukabidhiwa kwa chuo kingine au ofisi ya jimbo. Andika jina la ofisi hiyo siku tangazo linapotoka, na uombe transkripti wiki hiyohiyo, wakati msajili bado yuko kazini.